Ufito Uliokatika Saa Nane Usiku: Uchambuzi wa Kisa cha Hema la Watu Wawili

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinawahusu ndugu wawili, dada na mdogo wake wa kiume, waliopanda mlima wakiwa na hema jipya la watu wawili, wakarudi siku moja kabla ya ratiba wakiwa na ufito uliovunjika na turubai lililochanika. Majina, mahali, tarehe na chapa ya hema nimeviondoa, na mambo mawili matatu yasiyogusa kiini nimeyageuza ili wahusika wasitambulike. Hema nililikagua kwa mikono yangu. Waliniletea wakiamini kwamba wameuziwa kitu kibovu, wakitaka niwaandikie maelezo ya kudai fidia. Nilipomaliza ukaguzi nilikataa kuyaandika, na mazungumzo yaliyofuata ndiyo yaliyozaa maandishi haya.

Usuli

Dada mtu alikuwa amelala hemani mara nyingi kwa miaka kadhaa, lakini uzoefu wake wote ulikuwa wa mabonde na misitu, ambako miti huupokea upepo kabla haujaligusa turubai. Mdogo wake hakuwahi kulala mlimani. Safari waliyoipanga ilikuwa ya siku nne, na kila usiku ungewakuta juu ya mpaka wa miti, kwenye nyasi fupi, mawe na udongo wa kina kidogo, bila kibanda chochote cha kukimbilia. Hema ndilo lililokuwa nyumba yao pekee, na walilijua hilo. Ndiyo sababu walitumia karibu mwezi mzima kulichagua.

Walivyolichagua hema

Walilinganisha mahema matatu. La kwanza lilikuwa la tabaka moja, lenye uzito wa kilo 1.4, linalosimama kwa fimbo za kutembelea. La pili lilikuwa la umbo la kuba, lenye fito mbili za nyuzi za kioo zinazopishana mara moja tu, kileleni. La tatu, ambalo ndilo walilolichukua, lilikuwa na tabaka mbili (turubai la nje la kuzuia mvua na hema la ndani la kulalia), fito tatu za alumini zenye unene wa milimita 9 zinazopishana katika sehemu kadhaa, milango miwili, baraza mbili za kuwekea mizigo, sakafu ya sentimita 215 kwa 130, na uzito wa kilo 3.2 pamoja na vigingi na mifuko yake. Maneno "misimu mitatu" na "misimu minne" yaliyoandikwa kwenye vifurushi hayakuwasaidia kitu, na si ajabu, kwani hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote wayatumie kwa maana ile ile.

Walichagua vizuri. Sababu walizonitajia ndizo zilizonipa mashaka.

Sababu ya kwanza ilikuwa nafasi, na hapo hawakukosea. Hema huitwa la watu wawili kwa kuhesabu magodoro mawili membamba, ya upana wa sentimita 51 hivi kila moja. Mwenye godoro pana la sentimita 64 atakuta mawili yakijaza sentimita 128, na katika sakafu ya 130 hapabaki hata pa kuweka taa. Wao walikuwa na magodoro membamba. Urefu ulikuwa na utata zaidi, kwa sababu mdogo mtu ana kimo cha sentimita 188. Akinyooka ndani ya hema la sentimita 215 anabakiwa na sentimita 27 za kugawana kichwa na miguu, na kwa kuwa godoro na mfuko wa kulalia humwinua mtu hadi pale ukuta ulioinama unapomkaribia, nafasi halisi ilikuwa ndogo kuliko hesabu ya karatasini. Jambo hilo nitalirudia.

Sababu ya pili ilikuwa tarakimu za maji. Turubai la nje liliandikwa milimita 3,000, na sakafu milimita 5,000. Tarakimu hizi hutokana na jaribio la maabara ambamo kitambaa hubanwa na maji kwa shinikizo linaloongezwa taratibu, na kipimo husomwa pale maji yanapopenya katika sehemu ya tatu. Milimita 3,000 ni shinikizo la safu ya maji yenye kimo cha mita tatu. Kwa paa, ambalo hupigwa na matone na kuyaacha yateremke, hiyo ni akiba kubwa. Kwa sakafu hesabu ni nyingine kabisa: mtu wa kilo 70 akipiga magoti, na magoti yake yote mawili yakigusa eneo la sentimita za mraba 100, anabana sakafu kwa nguvu iliyo sawa na safu ya milimita 7,000. Ndiyo maana sakafu huhitaji tarakimu kubwa kuliko paa, na ndiyo maana hata sakafu nzuri huweza kupitisha unyevu mtu anapopiga magoti juu ya udongo uliolowa. Ndugu hawa walilielewa somo hili barabara, na kwa kulielewa wakajiona wamelielewa hema zima.

Habari za upepo hawakuuliza. Hawakuhesabu turubai lina sehemu ngapi za kufungia kamba za upepo, zile zinazolivuta hema hadi ardhini (zilikuwa nane), wala hawakutazama ni kamba ngapi zilizokwisha kufungwa kiwandani (zilikuwa nne, nyingine nne zikiwa zimeviringishwa ndani ya kijifuko ambacho hakikufunguliwa mpaka siku ya pili ya safari). Vigingi vilivyokuja na hema vilikuwa 12, vya waya mwembamba wa mviringo, urefu wa sentimita 18. Hema la kilo 3.2 lililojengwa kusimama mbele ya tufani lilikuwa limepewa vigingi vya kulalia bustanini, na hili ni jambo la kawaida mno sokoni kiasi kwamba mimi huvitazama vigingi kabla ya kutazama hema.

Kabla ya safari walilisimamisha mara moja, uani, siku isiyo na upepo. Iliwachukua dakika 25. Kamba za upepo hawakuzigusa, kwa kuwa hema lilisimama lenyewe bila kuzihitaji. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, lilipozaliwa kosa lililowagharimu baadaye: hema linalosimama lenyewe humfanya mtu aamini kwamba kamba ni pambo.

Usiku wa kwanza

Walifika juu saa 11:40 jioni. Palikuwa na sehemu mbili za kuchagua. Moja ilikuwa pito la wazi kati ya vilele viwili, lenye nyasi laini, tambarare kama meza, na mandhari ya kuvutia upande wa bonde. Nyingine ilikuwa chini kidogo, mwendo wa mita 300, nyuma ya majabali makubwa, lakini ardhi yake ilikuwa imeinama kidogo na ilihitaji kuondolewa mawe madogo. Dada mtu aliipendelea ya pili. Mdogo wake alikuwa amechoka, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na upepo wakati huo ulikuwa mwepesi. Wakakubaliana na pito.

Mlango waliuelekeza bondeni ili asubuhi waone jua likichomoza. Kwa kufanya hivyo waliuweka ubavu mpana wa hema upande wa joshini, yaani kule upepo unakotoka, na upande mwembamba wakauacha ubaki pembeni. Baharia angelishangaa, maana walikuwa wametweka tanga wakati walichohitaji ni kulikunja.

Udongo ulikuwa na kina cha kiganja, chini yake mwamba. Vigingi viliingia nusu. Viwili vilipinda, navyo wakavinyoosha kwa jiwe na kuvipachika tena. Juu ya kila kigingi wakaweka jiwe dogo. Kamba nne zilizokuwa tayari wakazifunga, nyingine wakaziacha kijifukoni.

Mvua ilianza saa 3 usiku. Ili isirushwe ndani, walifunga matundu yote mawili ya hewa yaliyo juu ya turubai na kushusha zipu za baraza mpaka chini. Upepo uliongezeka kuanzia saa 6. Turubai, ambalo ni la nailoni, lilikuwa limekwisha kunyonya maji na kurefuka kama nailoni ifanyavyo, kwa hiyo kamba zilizokazwa vizuri jioni zilikuwa sasa zimelegea, na kitambaa kikaanza kupigapiga. Wote wawili walikuwa macho na wote wawili waliusikia mlio huo. Dada mtu anasema alijua kwamba kamba zinataka kukazwa. Hakuna aliyetoka, kwa sababu nje palikuwa na baridi na mvua na ndani palikuwa na joto, na kila mmoja alimngojea mwenziwe aseme.

Saa 8:20 kigingi cha kona ya joshini kiling'oka. Ubavu ukabonyea, turubai la nje likabanwa kwenye hema la ndani, na ufito mmoja ukakatika kwa mlio ambao mdogo mtu aliufananisha na kuvunjika kwa tawi kavu. Ncha yake kali ikalitoboa turubai na kulichana urefu wa sentimita 11.

Maamuzi ya dakika arobaini

Kilichofuata kilifanywa vizuri kuliko yote yaliyotangulia.

Dada mtu alikaa kitako akauegemeza mgongo wake kwenye ubavu uliobonyea, akaushika ufito mmoja kati ya iliyobaki kwa mikono miwili, ili fito mbili nzima zisije zikafuata njia ya mwenzao. Mdogo wake akavaa na kutoka. Kigingi hakukiona gizani, akaifunga kona ile kwenye jiwe kubwa alilolibingirisha mpaka hapo, na hilo likatosha kuupunguzia ubavu mtikisiko.

Walifikiria njia tatu. Kwanza, kulibeba hema zima na kuligeuza. Wakaiacha, kwa haki, kwa kuwa hema lililong'olewa gizani penye upepo hupeperuka na halipatikani tena. Pili, kulilaza chini makusudi kwa kutoa fito zote, kisha kulala ndani yake kama ndani ya gunia mpaka alfajiri. Hii ni mbinu inayokubalika na imeokoa mahema mengi, lakini turubai lilikuwa limechanika na mvua ilikuwa kubwa, wakahofia mifuko yao ya kulalia kuloa. Tatu, kuutengeneza ufito mahali pale. Wakaichagua ya tatu, kwa sababu dada mtu alikumbuka kuona kibomba kifupi cha alumini ndani ya mfuko wa fito siku ile ya uani, na japokuwa hakujua siku ile ni cha kazi gani, saa hiyo alikijua. Kibomba hicho huvishwa juu ya sehemu iliyovunjika, kikawa kama banzi la mfupa, na pande zake mbili hufungwa kwa utepe wa gundi ili kisiteleze. Waliunyoosha ufito kadiri walivyoweza, wakakivisha, wakakizungushia utepe, na ufito ukarudi mahali pake ukiwa na kiwiko kidogo.

Katikati ya shughuli hiyo mdogo mtu, ambaye sasa alikuwa ameloa na kutetemeka, alisema, "Dada, tuwashe jiko humu ndani dakika tano tu, tupate joto." Dada akakataa katakata. Jiko ndani ya hema lililofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyekwisha kuivuta hulewa kabla ya kutambua kwamba analewa. Achilia mbali moto wenyewe na kitambaa cha nailoni. Badala yake alimvua nguo zilizoloa, akamvisha kavu zote zilizokuwamo, akamwingiza kwenye mfuko wa kulalia. Katika kisa chote hiki, uamuzi huu mmoja ndio uliokuwa na uzito wa uhai. Mengine yote yalikuwa ya usingizi na fedha.

Mchana na usiku wa pili

Kulipopambazuka upepo ulikuwa umepungua, bado mkali. Hawakuendelea na safari, wala hawakuanza kuteremka, kazi ambayo ingewachukua saa saba wakiwa hawajalala. Walishuka mita zile 300 hadi nyuma ya majabali, wakatumia karibu saa mbili kusimamisha hema, wakapumzika siku nzima.

Saa hizo mbili zinastahili kuelezwa, maana hema lilikuwa lile lile, likiwa na jeraha juu yake. Walichukua muda kwanza kutazama nyasi zinainamia wapi, wakauelekeza upande mwembamba wa hema, ule wa miguuni, kule kwa upepo, na milango pande mbili. Waliepuka kishimo kilichokuwa na nyasi nzuri kuliko zote, wakijua kwamba nyasi nzuri katika kishimo ni dalili ya maji kutuama. Kona ya joshini ilifungwa kwanza, kabla fito hazijaingizwa, ili turubai lisipate nafasi ya kujaa upepo. Kijifuko cha kamba kilifunguliwa. Wakati wa kufunga kamba ya tano, dada mtu aliingiza kichwa chini ya turubai kutazama kwa nini kitambaa kinavutika peke yake huku ufito ukibaki ulipo, na hapo ndipo alipoona kwamba nyuma ya kila sehemu ya kamba kuna kijitepe cha velkro cha kuuzungushia ufito. Vilikuwa vinane. Usiku uliotangulia vyote vilikuwa vikining'inia.

Kwa kuwa vigingi havikushika, walitumia mawe, lakini kwa njia tofauti na ya jana. Kuweka jiwe juu ya kigingi kilichoingia nusu ni kujifariji. Njia inayoshika ni kuifunga kamba kwenye jiwe dogo, kisha kuweka jiwe kubwa lisilosogea juu ya kamba, kati ya jiwe dogo na hema. Kamba ikivutwa, jiwe dogo hukwama nyuma ya kubwa, na kadiri upepo unavyozidi kuvuta ndivyo linavyozidi kukwama. Kasoro yake ni kwamba mawe makali huchubua kamba, kwa hiyo walizichunguza zote kabla ya giza.

Mchaniko waliubandika kiraka cha kunata pande zote mbili, wakizipunguza pembe za kiraka ziwe za mviringo ili zisibanduke. Kiraka cha nje kilibanduka baada ya saa moja. Cha ndani kilishika mpaka mwisho wa safari. Turubai hili limepakwa silikoni nje na poliurethani ndani, na gundi za kawaida hazing'ang'anii silikoni. Upande huo huhitaji gundi ya silikoni yenyewe.

Usiku ule upepo ulirudi. Matundu ya hewa walikuwa wameyaacha wazi, na zipu ya baraza ya upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, wakaiacha wazi kiasi cha shubiri juu. Saa 4 usiku mdogo mtu alitoka bila kuombwa, akazunguka na kukaza kamba zote nane. Walilala mpaka saa 12 asubuhi. Siku ya tatu waliteremka.

Nilichokikuta kwenye ukaguzi

Malalamiko yao yalikuwa mawili: kwamba ufito ulikuwa dhaifu, na kwamba hema linavuja, kwa kuwa asubuhi ya kwanza kuta za ndani na mguu wa mfuko wa kulalia wa mdogo mtu vilikuwa vimeloa chepechepe.

Ufito nilianza nao. Fito za aina hii ni vipande vya bomba vilivyounganishwa kwa mpira unaopita ndani, na kila kipande kina shina jembamba linaloingia ndani ya kipande kinachofuata. Shina likiingia mpaka mwisho, mzigo husambaa kwenye urefu wote wa kiungo. Likiingia nusu, mdomo wa bomba ndio unaobeba kila kitu. Ufito huu ulikuwa umepasuka kuanzia mdomoni, kwa mstari ulionyooka, na shina lilikuwa na mkwaruzo unaoonyesha kwamba liliingia robo tatu tu ya urefu wake. Alumini yenyewe haikuwa na tatizo. Mtu aliyeuingiza ufito gizani au kwa vidole vyenye ganzi, akiuvuta badala ya kuusukuma, hufungua viungo bila kujua, na ndivyo ilivyokuwa.

Kuhusu kuvuja, nililisimamisha hema na kulimwagia maji kwa mpira kwa nusu saa, mchaniko ukiwa umezibwa. Halikupitisha tone. Mishono yote ilikuwa imefunikwa kwa utepe kiwandani na hakuna uliobanduka. Maji yale yalikuwa ya kwao wenyewe: watu wawili wakilala usiku kucha huku matundu yamefungwa, mvuke wa pumzi zao na wa nguo zilizoloa hauna pa kutokea, nao hugeuka kuwa maji unapogusa turubai lililopoa. Ubavu ulipobonyea, turubai hilo liligusa hema la ndani na maji yakapita. Miguu ya mdogo mtu, ambayo tangu mwanzo haikuwa na nafasi, ilikuwa imeusukuma ukuta wa ndani mpaka ukakutana na wa nje, na pale ndipo mfuko wake ulipoloa zaidi. Ushahidi ni usiku wa pili: umande ulikuwapo upande wa ndani wa turubai, lakini chumba kilikuwa kikavu.

Uchambuzi

Jambo lililonisumbua zaidi katika kisa hiki ni kwamba hema lilichaguliwa kwa kipimo cha maji na likavunjwa na upepo. Maji yana tarakimu ya kuandikwa kwenye kifurushi. Upepo, mara nyingi, hauna. Mnunuzi hulinganisha kile anachoweza kukilinganisha, na baada ya milimita elfu kadhaa za paa, elfu nyingine hazimwongezei usalama wowote, ilhali ufito mmoja zaidi, au sehemu mbili zaidi za kamba, zingemwongezea mwingi.

Nguvu ya upepo haikui sambamba na mwendo wake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Upepo wa mita 10 kwa sekunde husukuma kwa paskali (kipimo cha shinikizo) 60 hivi, yaani juu ya ubavu wa hema wa mita 2 za mraba ni kama kilo 12; ukifika mita 20 kwa sekunde, ubavu ule ule unabeba kitu kama kilo 49. Nani angekubali kuning'iniza kilo 49 kwenye kigingi cha waya kilichoingia nusu? Ukiligeuza hema na kuupa upepo upande wake mwembamba, eneo linalosukumwa hupungua, na mzigo nao. Mgeuzo huo haugharimu chochote ila kutoliona jua likichomoza.

Kamba ndizo zinazoukabidhi mzigo huo kwa ardhi, na ndizo zinazouzuia ufito usipinde kupita uwezo wake. Lakini zinafanya hivyo pale tu zinapouvuta ufito. Velkro nane zikiwa zinaning'inia, kamba nne za usiku wa kwanza zilikuwa zikivuta kitambaa, na kitambaa cha nailoni kilicholoa hurefuka, kwa hiyo fito zilikuwa zimeachwa peke yake huku kila mtu akiamini kwamba zimefungwa. Usiku wa kwanza hema lilikuwa na fito tatu zisizoshikwa na kitu, na usiku wa pili likawa na fito zile zile, mojawapo ikiwa imeungwa kwa utepe, nalo likasimama. Sihitaji hoja nyingine ya kuonyesha kwamba halikuuzwa bovu. Hata hivyo sitaki kumwachia mtengenezaji aende bila neno: mwongozo wake ulikuwa na mchoro mmoja wa velkro, mdogo kama kucha, bila maandishi, na vigingi vyake havikuwa na hadhi ya hema lake.

Kuhusu uchaguzi wa kituo, dada mtu alijilaumu sana kwa kukubali pito. Mimi simlaumu kwa kiwango hicho. Saa 11:40 jioni upepo ulikuwa mwepesi, na mwenziwe alikuwa na baridi. Kusimamisha hema upesi palikuwa na sababu. Kosa lenye uzito zaidi lilikuwa la saa 8 kasoro, wote wawili wakiwa macho na wakijua. Dakika tano za kukaza kamba, hata kwenye pito, hata ubavu ukiwa joshini, huenda zingekiacha kigingi mahali pake. Walipokubaliana usiku wa pili kwamba wa kwanza kusikia kitambaa kikipiga ndiye anayetoka, walikuwa wametatua jambo ambalo hakuna hema linaloweza kulitatua.

Je, lile hema jepesi la kilo 1.4 lingewafaa? Kwa pito lile, hapana; kwa mtu anayejua kulielekeza na mwenye mahali pa kujikinga, pengine ndiyo, na mzigo wake ungepungua kwa kilo 1.8. La nyuzi za kioo lisingewafaa popote juu ya miti, kwani nyuzi za kioo zikishindwa hupasuka kuwa vibanzi virefu vinavyochana kitambaa na mikono, na makutano yake mamoja pale kileleni huuacha ubavu bila msaada.

Hali ya hema baadaye

Kipande kimoja cha ufito kilibadilishwa. Mchaniko ulishonwa na kupakwa silikoni. Vigingi vya waya vilitolewa, vikanunuliwa kumi na viwili vya alumini vyenye umbo la herufi Y, ambavyo havipindi kirahisi na hushika udongo kwa mbawa tatu. Kamba zote nane sasa zimefungwa moja kwa moja na hazitolewi.

Ukaguzi ulibaini jambo moja zaidi ambalo halikuhusiana na usiku ule. Walipofika nyumbani waliliacha hema mfukoni siku tisa likiwa limeloa, na velkro na kona za sakafu zilikuwa zimeanza kuota ukungu mweusi. Tuliuosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila brashi ngumu, madoa yakabaki. Tabaka la poliurethani lilikuwa bado zima, lakini unyevu wa muda mrefu hulivunjavunja mpaka likanata na kutoa harufu kali, na likifika hapo halirudi. Sasa hema linakaa limetundikwa, nje ya mfuko wake, na kile kibomba cha alumini kimerudishwa kwenye mfuko wa fito, kikiwa na utepe umezungushiwa juu yake tayari.